Jirani analisha tumbili: sheria iko upande wa nani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wapangaji Diani, nyumba nane ndani ya ua mmoja. Mzee jirani yetu, mstaafu, kila asubuhi huwamwagia tumbili ndizi na mabaki ya chapati. Anasema ni sadaka. Sasa tumbili wanaingia mpaka jikoni kwangu, na wiki iliyopita mmoja alimpokonya mwanangu wa miaka mitatu andazi akamparura mkono. Kamati ya wapangaji imebandika tangazo getini kwamba atakayelisha wanyama atalipa faini ya shilingi 5,000. Mzee amecheka, anasema hakuna sheria kama hiyo Kenya. Nimesoma kwamba nchi nyingine mtu hufungwa kwa jambo hili. Sisi sheria inasemaje? Na mume wangu anataka kuweka sumu.

Jibu: Marahaba, dada. Tuanze na mkono wa mtoto, sheria ingoje.

Kama bado hujampeleka hospitali, mpeleke leo. Wiki kupita si sababu ya kubaki nyumbani, maana kinga ya kichaa cha mbwa hutolewa hata kwa aliyechelewa, maadamu dalili hazijaanza. Ni kweli kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, Shirika la Afya Duniani husema hadi asilimia 99, na wa tumbili ni nadra. Lakini ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwa hiyo uamuzi wa kuchanja au kutochanja uwe wa daktari atakayeuona mkono wenyewe. Mweleze kama ni kucha au meno, kama ngozi ilichanika, kama damu ilitoka. Aulizwe pia kuhusu pepopunda. Likitokea tena, Mungu aepushe, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha ndiyo mtafute gari. Msipake majivu wala mafuta ya taa.

La pili ni sumu. Mwambie baba watoto aiache kabisa. Wanyamapori wa Kenya wako chini ya ulinzi wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, na ulinzi huo haukomi kwenye mpaka wa hifadhi. Unamfuata tumbili mpaka juu ya bati lako. Kumuua, kumtega au kumwekea sumu ni kosa la jinai. Mkifanya hivyo kesi itageuka sura: mzee aliyelisha atakuwa shahidi, na ninyi mlioumizwa ndio mtakaosimama kizimbani. Tena sumu haichagui. Ataila paka wa jirani, ataila kunguru, na huyo mtoto wa miaka mitatu ambaye tunamtetea hapa ndiye wa kwanza kuokota kipande cha ndizi chini. Hapo Diani kuna jambo la ziada: kwenye miti hiyo hiyo anapita mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, ambaye nchini Kenya amebakia katika misitu michache ya pwani ya kusini. Mkimkosa tumbili mkampata mbega, hasara ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Sasa sheria. Mzee wako amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayompa kiburi cha kucheka.

Ndani ya mbuga na hifadhi zinazosimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kulisha wanyama ni marufuku, na mgeni yeyote huambiwa hivyo langoni. Nje ya hifadhi, kwenye ua wa nyumba za kupanga, ukianza kusaka kifungu kimoja kinachosema neno kwa neno "usimpe tumbili chapati nyumbani kwako" utajichosha bure. Watu wengi hukwama hapo. Wanakwenda ofisi ya KWS wakitaka mzee akamatwe kwa kosa la kulisha, wanaambiwa tutatuma askari aangalie, basi, mambo yanaishia hapo.

Njia iliyo wazi zaidi inapitia kwenye chakula. Ukimwacha tumbili kando kidogo ukatazama kile kinachomwagwa chini kila asubuhi, utaona sheria ziko nyingi na baadhi ni kongwe kuliko mzee mwenyewe.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, ndiyo maana KWS ndio wenye tumbili. Lakini uzoaji na utupaji wa taka ni kazi ya kaunti, na udhibiti wa wanyama na ustawi wao pia umetajwa upande wa kaunti. Kwa hiyo mnyama ni wa Nairobi, ganda la ndizi ni la Kwale, kaunti yenu. Ukiukumbuka mgawanyo huu hutazungushwa ofisi hadi ofisi: habari ya mnyama mgonjwa, aliyejeruhiwa au aliyevamia mtu inakwenda KWS, na habari ya mabaki ya chakula yanayooza uani na kuleta tumbili, panya na kunguru inakwenda kaunti, kwa afisa wa afya ya umma, yule wazee wetu waliyekuwa wakimwita bwana afya.

Bwana afya ana silaha ambayo wengi wameisahau. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inamkataza mtu kusababisha au kuacha kero yoyote inayoweza kudhuru afya iendelee katika mahali anapomiliki au anapokaa. Zingatia "anapokaa": mpangaji hawezi kusema nyumba si yangu. Kifungu cha 118 kinataja aina za kero, na malundo ya taka zinazodhuru au kuhatarisha afya yamo. Kifungu cha 119 kinampa afisa uwezo wa kutoa notisi ya kuiondoa. Anayepuuza notisi anaweza kufikishwa mahakamani, na hakimu hatauliza kama tumbili alishiba.

Hivyo malalamiko yako yaandike kwa lugha hiyo. Usiandike "mzee fulani anapenda tumbili". Andika kwamba mahali fulani uani humwagwa mabaki ya chakula kila siku saa fulani, wanyama hukusanyika, mtoto amejeruhiwa tarehe fulani na kutibiwa hospitali fulani, na unaomba ukaguzi. Ambatisha karatasi ya hospitali, na picha chache za mahali chakula kinapomwagwa. Uso wa mzee usiupige picha, humshtaki sura.

Kuhusu tangazo la getini, kamati imeharakisha. Faini, kwa maana yake halisi, hutozwa na mahakama au na chombo kilichopewa uwezo huo na sheria, na kamati ya wapangaji wanane si chombo hicho. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi usiku haimfungi mtu ambaye hakukubali. Linalofunga ni mkataba. Kama nyumba zote ni za mwenye nyumba mmoja, mwombeni aweke katika mikataba ya kupanga, mnapoiweka upya, sharti kwamba mpangaji hatawalisha wanyamapori wala kuacha chakula nje, na litajwe litakalofuata akikiuka. Kama ni nyumba zenye hatimiliki ya kila mmoja kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, shirika la wamiliki linaweza kutunga kanuni za ndani kwa utaratibu uliowekwa, na kanuni hizo ni nzito kuliko tangazo. Kwa sasa ling'oeni hilo. Kila siku linalobaki pale bila nguvu, linamfundisha mzee, na watoto wanaopita, kwamba maneno ya kamati ni ya kuchekwa.

Uliuliza nchi nyingine. Ni kweli, ziko kali. Hong Kong ndiyo inayofanana nasi kwa sababu tatizo lao ni nyani wa mjini pia, ingawa wa aina nyingine, pamoja na nguruwe mwitu wanaoshuka barabarani. Walipiga marufuku kulisha wanyamapori katika eneo lote mwishoni mwa mwaka 2021, kisha tangu tarehe 1 Agosti 2024 adhabu ya juu ikapanda kutoka dola 10,000 za Hong Kong hadi 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja, wakajumuisha na njiwa wa mitaani. Afisa anaweza pia kukupa tiketi ya dola 5,000 papo hapo. Hiyo tiketi, kwa maoni yangu, ndiyo yenye maana kuliko kifungo. Adhabu kubwa isiyotolewa hugeuka kuwa hadithi, lakini karatasi ndogo anayoandikiwa mtu akiwa na mkate mkononi huenea mtaa mzima kabla ya adhuhuri.

Je, Kwale wanaweza kuwa na kanuni ya namna hiyo? Katika mambo ya taka na udhibiti wa wanyama, bunge la kaunti lina nafasi ya kutunga sheria, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kuliwasilishia bunge hilo ombi. Mwoneni mwakilishi wadi wenu. Msiombe sheria ya tumbili, kwa sababu hapo mtaambiwa wanyama ni wa KWS. Ombeni sheria ya chakula na taka za wazi katika maeneo ya makazi na ya hoteli: mapipa yenye vifuniko vya kufunga, ratiba ya kuzoa taka, na marufuku ya kuacha chakula nje kwa makusudi. Hoteli za Diani zina sababu ya kuwaunga mkono, maana wageni wao hupokonywa sahani za kifungua kinywa, na sababu ya kuwapinga, maana wageni hao hao hupenda kupigwa picha wakimpa kima tunda. Mtaona ni ipi itakayoshinda.

Fidia msiitegemee. Sheria ya 2013 ina fidia, hadi shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyamapori, lakini hulipwa kwa wanyama waliomo kwenye orodha ya sheria: tembo, simba, chui, mamba, fisi na wengine wa namna hiyo. Tumbili, kima na nyani hawamo. Wakulima wa pwani wamelilalamikia hilo miaka mingi, na mimi naona wana haki, kwa kuwa mahindi yaliyoliwa na nyani hayarudi kwa kuwa nyani si tembo.

Sasa niseme kidogo kuhusu mnyama mwenyewe, kwa sababu mzee hatashawishika kwa vifungu.

Kundi la tumbili lina ngazi. Kila mmoja anamjua aliye juu yake na aliye chini, na binti hurithi nafasi karibu na ya mama yake. Katika ngazi hiyo mdogo humwachia mkubwa chakula. Hebu fikiria tumbili anamwonaje mtu anayemwachia chakula kila asubuhi bila kubishana. Hamuoni kuwa mfadhili, anamuona kuwa wa chini. Akishajifunza hivyo kwa mzee, anakwenda kujaribu kwa aliye mdogo kuliko mzee, na mwanao, ambaye macho yake yako karibu na kimo cha tumbili aliyepanda ukuta, ndiye alijaribiwa. Mtoto humkodolea macho na kucheka meno nje. Kwa tumbili yote mawili ni uchokozi. Andazi likishaingia kwenye mfuko wa shavu, somo limekamilika, na kesho atarudi na wenzake.

Wala hili halikuanzia Diani. Kule Gombe, Kigoma, Jane Goodall na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliwawekea sokwe ndizi ili wazoee watu na waweze kuchunguzwa kwa karibu. Sokwe walikuja, nyani wakaja pia, na ugomvi kambini ukazidi kiasi kwamba baadaye ilibidi ulishaji upunguzwe sana na kupangwa upya. Hao walikuwa wataalamu, ndani ya msitu, na nia yao ilikuwa njema.

Kwa mbega ni hatari zaidi. Tumbo lake lina vyumba na limeumbwa kumeng'enya majani kwa uchachu wa polepole. Chapati na matunda matamu humvurugia tumbo hilo. Anayeona anamfadhili anamuumiza bila kujua. Na chakula kinachomwagwa karibu na barabara huwavuta wote mahali magari yanapopita. Shirika la Colobus Conservation, lililopo hapo Diani tangu 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufukweni ili mbega na wenzake wavuke bila kukanyagwa. Mtu akiweka ndizi chini ya daraja, daraja halina faida. Watu wa shirika hilo wanaifahamu vizuri hali ya mtaa wenu na ni wa kuwaomba waje kuzungumza na wapangaji, maana neno la mgeni mwenye kazi yake husikika kuliko la jirani aliyekasirika.

Mzee mwenyewe utamwendeaje? Usiende peke yako, na usiende siku ambayo tumbili wamekuvamia. Mtafute mtu mzima wa rika lake, kama ni mtu wa msikitini basi mmoja wa wanaosali naye, mwende jioni, mpige hodi, mkae. Usianze na mtoto. Anza kwa kumshukuru kwamba ni mtu anayehurumia viumbe, kwa sababu ndivyo alivyo, na wako wachache.

Mimi si shehe, lakini anayesema sadaka anajua pia ule msingi unaofundishwa madrasa, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na anajua uzito wa haki ya jirani. Mkono wa mtoto uliochanika umeingia hapo. Mwacheni yule wa rika lake ndiye alitamke, wewe kaa kimya umwonyeshe mkono tu akiuliza. Kisha mpeni njia ya kutoka bila aibu. Anayetaka kuwanufaisha wanyama anaweza kupanda mkuyu au mkunazi pembeni kabisa mwa shamba, mbali na nyumba, wakala kwa wakati wake bila kupewa na mkono wa mtu. Mti wa matunda uliomo uani si kulisha, hakuna anayemdai mzee akate mwembe wake. Maembe yaliyoanguka tu yaokotwe kila siku. Na kama atataka kuwalisha kunguru badala yake, mwambieni hapana pia. Wale weusi wenye shingo ya kijivu ni wageni waliokuja na wanadamu, wanakula makinda ya ndege wetu, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja.

Watu wa eneo lenu wanajua makatazo ya namna hii bila kuandikiwa. Kaya Kinondo iko jirani nanyi, miongoni mwa makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Wamijikenda yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huko huingii ukafanya utakavyo, hukati tawi, hubebi kitu, na anayevunja mwiko hujibu kwa wazee. Msitu umesalia mpaka leo, na mbega wamo. Mzee akiwa Mdigo atalielewa hilo upesi kuliko Sura ya 242.

Huku mazungumzo yakiendelea, funga nyumba yako. Wavu wa mbu hauwazuii, wanauchana. Dirisha la jikoni litiwe wavu wa chuma wenye matundu madogo, hata kama itabidi uzozane na mwenye nyumba ndipo gharama ikatwe kwenye kodi. Pipa la taka liwe na kifuniko kinachobanwa kwa mpira wa tairi. Mtoto asile akitembea uani. Akikutana na tumbili, mfundishe kutomkodolea macho, kutokimbia, na kuachia kilichomo mkononi. Kumpigia kelele na kumrushia maji mtu mzima anaweza, manati na mawe achaneni nayo: ukimjeruhi unarudi kwenye ile sheria ya 2013, na aliyejeruhiwa huuma.

Mtu akikwambia wakamatwe na kuhamishwa, ajue kwamba hilo ni la KWS peke yao, na kundi likiondolewa wakati chakula bado kinamwagwa, kundi jingine huchukua nafasi.

Mzee akikubali kuacha, aache siku moja kabisa, asipunguze kidogo kidogo. Na mjiandae: siku za mwanzo tumbili watazidi ukali, watabisha bati, watachungulia kila dirisha, kwa sababu wanadai walichozoea. Wapangaji wengi hushindwa hapo. Mmoja huwahurumia au huogopa kelele, akatupa ndizi moja, na kundi likajifunza kwamba kelele inalipa. Waambieni nyumba zote nane kabla, na mlinzi wa getini pia, maana walinzi nao hugawana nao chakula cha mchana. Andika kwenye daftari saa wanazokuja na walikoingilia. Yakiendelea hata baada ya mzee kuacha, daftari hilo litawaonyesha KWS na bwana afya kama kuna ua mwingine jirani unaomwaga chakula, na mara nyingi upo.